Ni Kutu Tu

Panya aliogeshwa hadharani ili watu waache maneno. Asubuhi ile, pale penye chemba ya maji mwanzoni mwa mtaa, mfanyakazi mmoja wa idara alivaa glavu nyeupe, akamtumbukiza roboti kwenye beseni la dawa, akamgeuza mgongo, akamgeuza tumbo, kama mtoto anayetayarishwa kupelekwa kliniki. Alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, mwembamba, mwenye magurudumu ya mpira kila upande, taa usoni, na mkia wa waya uliojiviringisha kwenye roda kubwa ya chuma. Jina lake la kiwandani lilikuwa linauma ulimi. Karakana nzima ilimwita Panya.

"Yaani mnatia panya kwenye maji yetu ya kunywa?" aliuliza mama mmoja, na watu wakaangua kicheko.

"Huyu ni msafi kuliko mimi na wewe, mama," alijibu Mhandisi. "Anaingia bombani maji yakiwa yanapita. Anaona, anasikia. Palipopasuka atatuambia, bila sisi kuwachimbulia barabara."

Alikuwa akisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nyuma yake walisimama wageni watatu kutoka makao makuu, mikono wameifunga vifuani. Kwa wiki kadhaa Panya alikuwa akijaribiwa uani kwa idara, kwenye mabomba yaliyolazwa juu ya nyasi, yenye matundu waliyoyatoboa wenyewe, na hakuna tundu lililompita. Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye mtaa wa watu. Akifaulu, wageni wangenunua wenzake. Akishindwa, angerudi kwenye sanduku lake, na Mhandisi angerudi kuchimba barabara.

Mwanamke aliyekuwa akimwendesha walimwita Rubani. Yeye ndiye aliyependekeza mtaa huu. Alikuwa anaishi hapa hapa na mumewe, ambaye ni dobi, pamoja na mama mkwe wake. Kila alipotoka kwenda kazini aliwaona majirani wa upande wa chini wakiwa na madumu mikononi, wakipanda kwenda kuomba maji. Maji yaliingia mtaani yana nguvu, yakafika katikati, yakapotelea huko. Nyumba ya mwisho, ya Mwalimu mstaafu aliyekuwa akimuuguza dada yake wa kitandani, bomba lilikuwa likikohoa hewa tu.

"Leo tutajua mchawi wetu ni nani," Rubani alimwambia Mhandisi, akiingia kwenye gari.

"Huyu dada ni mke wa Dobi wetu!" mtu alipaza sauti huko nje. "Wa kwetu huyu! Mtu wa nyumbani!"

Wakampigia makofi. Dobi alikuwa katikati yao, na yeye akapiga.

Ndani ya gari palikuwa na joto na kiti kimoja. Rubani alifunga mlango, akavaa vipokea sauti, akashika rimoti. Kwenye skrini bomba lilimfungukia kama koo la mnyama: jeusi, la mviringo, limeota vinundu vya kutu pande zote. Panya alikwenda taratibu. Rubani aliyasikia maji yakimpita mgongoni, na kila alipoona kitu cha maana alibonyeza kitufe chekundu ili picha ibaki. Pasipobonyezwa, hakuna kinachohifadhiwa. Picha hupita tu kama maji yenyewe.

Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, akiona midomo ya mabomba halali, ya shaba, yote imekaa vizuri. Kisha, upande wa kushoto, taa ya Panya ikaangukia kitu cha buluu.

Kilikuwa kipande cha bomba la plastiki. Kilichomoza ndani ya bomba kuu kwa urefu wa kidole, kimekatwa mshazari kwa msumeno, pembeni kimezungushiwa kitambaa na gundi. Kazi ya haraka, ya mtu aliyekuwa akiangalia nyuma. Rubani alitabasamu. Amepatikana! Kidole chake kikaenda kwenye kitufe chekundu.

Hapo ndipo alipousikia mngurumo. Ulianza kama kikohozi, ukakwama, ukakohoa tena, ukashika. Vipovu vyote vilivyokuwa vikielea mbele ya Panya viligeuka ghafla vikakimbilia kwenye kile kidomo cha buluu, na Panya mwenyewe akayumba kama mtu aliyevutwa shati.

Rubani aliijua sauti ile. Aliamka nayo kila asubuhi. Ilitoka nyuma ya ukuta wa chumba chao cha kulala, kwenye banda la kufulia, na mumewe alikuwa amemwambia kwamba ni pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini, tangi ambalo lori la maji hulijaza yeye akiwa kazini. Kwa wakati huu mama mkwe wake alikuwa amebonyeza swichi, kama afanyavyo siku zote pipa la jikoni likikaribia kuisha.

Alitazama mita ya waya, inayoonyesha Panya amefika umbali gani. Alitazama nje kwa kioo kidogo cha gari, akahesabu nyumba kwa macho. Wala hapakuwa na haja.

Asubuhi ile, akinywa chai, Dobi alikuwa amemuuliza, "Hivi huyo panya wako anaona nini hasa? Nyufa tu, au na vitu vingine?" Naye alijibu kwa majivuno kwamba anaona kila kitu. Dobi akaipuliza chai ambayo haikuwa ya moto tena.

Mlango ulifunguliwa kidogo, kichwa cha Mhandisi kikaingia, kinatoka jasho. "Vipi? Mbona umesimama?"

"Kutu," alisema Rubani, na mkono wake ukasukuma rimoti mbele. Cha buluu kikapita, kikapotea. "Ni kutu tu, bosi."

Panya alifika mwisho wa mtaa bila kuleta habari.

Wageni hawakusema neno baya, na hilo ndilo lililomuumiza Mhandisi zaidi. Mmoja aliangalia simu yake. Mwingine aliuliza kwa upole kama kile kifaa kinaweza kurudishwa kwa aliyekiuza.

"Tatizo si rubani," Mhandisi alisema, akamwekea Rubani mkono begani mbele ya wote. "Huyu ni mtu wangu bora. Kama angekuwepo mwizi bombani, angemwona. Namwamini kama macho yangu."

Rubani alitazama viatu vyake.

Lakini watu wa mtaa walikuwa wamelichukua neno moja tu katika yote yale: mwizi. Kama hayumo ndani ya bomba kuu, basi yumo mahali pengine, kwenye uwanja wa mtu. Macho yakaanza kupanda juu ya mapaa, yakatua pamoja kwenye tangi jeusi la Kinyozi, lililosimama juu kwenye miguu yake ya chuma kuliko yote mtaani.

"Mtu wa kunyoa vichwa, tangi kubwa vile la nini?"

"Na saluni yake haijawahi kufungwa hata siku moja kwa ajili ya maji."

Kinyozi alitoka na kitambaa cha kazi shingoni, akiwa amemwacha mteja na nusu ya kichwa kilichonyolewa. Alikuwa mzee mkimya aliyezoea kusikiliza kuliko kusema. Aliwaambia maji ananunua kwenye lori, anawaoshea wateja kwa kikombe. Hawakumsikia. Mwisho akaleta ngazi mwenyewe, akaiegemeza.

"Pandeni mtazame," alisema. "Au nipande mimi niwafungulie."

Akapanda yeye, polepole, na mtu mmoja akatoka katika kundi akamshikia ngazi. Alikuwa Dobi. Kinyozi alifungua mfuniko, akaligonga tangi ubavuni ili wote wasikie lilivyo tupu: maji yalikuwa chini kabisa, yamegeuka kijani.

"Ameyamwaga!" mtu akapiga kelele. "Alijua tunakuja!"

Hakuna aliyejua ni nani aliyeanza. Jiwe liligonga bomba la saluni, koki ikavunjika shingo, na maji yale machache yakaanza kutoka yakitambaa kwenye vumbi, mbele ya mlango ulioandikwa KARIBU WATEJA. Mteja mwenye nusu ya kichwa alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Kinyozi aliteremka polepole. Akamwambia Dobi, "Ahsante, mwanangu."

Rubani aliyaona yote akiwa kwenye mlango wa gari, waya wa Panya mikononi.

Jioni, Dobi alikuwa akipiga pasi. Alikuwa na mkono mwepesi. Shati lilizunguka kwenye meza yake kama karatasi. Rubani alisimama mbele yake bila kuvua buti za kazi.

"Ulimshikia ngazi."

"Nini?"

"Kinyozi. Ulimshikia ngazi."

"Asianguke. Mzee yule." Hakuinua macho.

"Ni la buluu," Rubani alisema. "Umelizungushia kitambaa cheupe. Nadhani ni cha lile shuka tulilolalia tulipooana, kwa sababu nilikitafuta kipande chake nikakikosa."

Pasi ilisimama. Harufu ya nguo inayoungua ikaanza kupanda kabla Dobi hajakumbuka kuiinua.

"Wamejua?"

"Nimejua mimi."

Dobi alikaa kwenye fungu la nguo chafu. Akaanza kusema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Kwamba ni ule ukame. Wateja walikuja na nguo wakarudi nazo. Kwamba fundi mmoja alimwambia kila mtu anafanya. Kwamba alitaka iwe ya wiki chache tu, mvua zikinyesha aondoe. Mvua zilinyesha, lakini kufikia hapo alikuwa ameshachukua kazi ya mashuka ya nyumba za wageni, na mtu hawezi kuwaambia watu wa nyumba za wageni kwamba leo hakuna maji.

"Kwa hiyo lori hakuna."

"Lilikuja mara mbili tatu, mwanzoni."

"Ukanidanganya."

Hapo Dobi aliinua uso. Haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba peke yake. "Nilikudanganya, ndiyo. Lakini wewe hukuuliza. Mtaa mzima hauna tone, wewe unaoga asubuhi na jioni, unaosha nywele, unaimba. Mtu wa idara ya maji! Ulidhani yanatoka wapi, mke wangu? Mbona hukuwahi kuinua mfuniko wa tangi ukachungulia? Liko hatua chache kutoka kitandani."

Rubani alitazama upande wa banda la kufulia. Kulikuwa na siku alizolipita lile tangi akasikia jinsi lilivyolia tupu alipoligonga kwa bahati mbaya na ndoo. Akaendelea na safari yake.

"Nizibe," Dobi alisema, sasa akinong'ona. "Nizime, nifunge valvu, maji yaende chini kwa watu. Nani ataumia? Nipe nafasi hiyo tu. Ukisema, mimi nimekwisha, na wewe kazi umepoteza. Na mama je? Mama atapita wapi mtaa huu?"

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo. Wote wawili waliutazama. Hakukusikika kitu, ila mtu mzima akivuta pumzi.

Rubani hakusema ndiyo wala hapana. Dobi aliichukua hiyo kuwa ndiyo. Akatoka na spana.

Kesho yake mtaa uliamka kwa vigelegele. Bomba la nyumba ya mwisho lilikuwa limekohoa, likatema maji mekundu, kisha likatoa maji meupe kwa nguvu iliyomrusha Mwalimu nyuma. Habari ilipanda mtaa mzima kabla jua halijashika.

"Mnaona sasa?" ndivyo walivyokuwa wakisema. "Tumevunja koki ya Kinyozi jana, leo maji haya hapa. Tulisema."

Waliopita saluni walitema mate kando. Mtu alichukua mkaa akaandika MWIZI ukutani. Kinyozi alitoka na kitambaa akaanza kufuta, na maneno yakawa doa kubwa jeusi lililosomeka vile vile.

Rubani alikuwa akifunga kamba za buti alipobisha Mwalimu. Alikuwa amekuja na ndoo nyeupe yenye mfuniko, ameisugua hadi ikang'aa. Ilikuwa ndoo ya nyumba hii. Mama mkwe alikuwa akimpelekea imejaa, kila alipopata nafasi, kwa ajili ya kumwogesha mgonjwa. Na akirudi alikuwa akimwambia Rubani, kwa furaha ya kweli, kwamba mwanawe ana bahati na yule mtu wa lori.

"Ndoo yenu, mama," Mwalimu alimwambia mama mkwe. "Sasa sina shida tena. Lakini sikutaka kuituma kwa mtu. Nilitaka nije kwa miguu yangu niseme ahsante. Nyumba nyingine zilifunga milango zikiniona na dumu. Hii haikufunga."

Mama mkwe aliitazama ndoo kama kitu kilichotoka kaburini. "Iache hapo chini," alisema. Hakunyoosha mkono.

Mwalimu alishangaa kidogo, akaiweka, akaaga. Alipokwishatoka, mama mkwe alishuka taratibu akakaa sakafuni, kando ya ndoo. Dobi alikuja mbio.

"Mama, unaumwa?"

"Nilikuwa nampa maji yake mwenyewe," alisema yule mama. "Ananishukuru, nami naitikia, 'Usijali, mwenzangu.' Nilikuwa nasema 'usijali.'"

"Mama, maji si yamefika? Yameisha hayo. Kimeharibika nini sasa?"

Mama alimtazama mwanawe. "Kinyozi," alisema.

Dobi alirudi kwenye meza yake akashika pasi, ingawa ilikuwa baridi. Rubani alimaliza kufunga kamba za buti, akatoka.

Alimkuta Mhandisi uani kwa idara akimfuta Panya kwa taulo. Sanduku lilikuwa wazi kando yake, limejazwa vipande vya sponji.

"Nimepiga simu," Mhandisi alisema. "Wanasema huenda kamera ndiyo mbovu. Nitawaambia ulifanya kila ulichoweza."

"Bosi, kamera si mbovu. Panya aliona."

"Aliona nini?"

"Bomba la wizi. Na sikio lake lilisikia pampu. Mimi ndiye niliyepita. Ni la nyumbani kwangu."

Mhandisi aliendelea kufuta mahali pale pale palipokwisha kukauka. Alikuwa mtu wa kufoka. Mafundi walimjua kwa kufoka. Rubani alisubiri kelele ile kama mtu anayesubiri dawa. Haikuja.

"Nilikuwekea mkono begani," Mhandisi alisema mwishowe. "Mbele ya wale watu."

"Ndiyo, bosi."

"Na yule mzee wa saluni?"

"Hana kosa."

Mhandisi alimlaza Panya mezani, si sandukuni. "Kesho alasiri tunarudia. Utaendesha wewe mwenyewe. Na skrini haitakaa ndani ya gari. Tutaitundika nje."

Watu walijaa kuliko siku ya kwanza, kwa sababu safari hii kulikuwa na picha. Skrini ilifungwa ubavuni mwa gari, chini ya turubai, na waliofika mapema walileta viti. Wageni wa makao makuu walisimama nyuma. Kinyozi alisimama mlangoni kwake, mbali, mikono mfukoni. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, akakaa safu ya mbele bila kumsalimu mtu.

Dobi hakuwepo. Asubuhi alisema ana nguo za kupeleka kwa wateja.

Panya aliogeshwa, akaingizwa. Watu walishangilia kutu, walishangilia kila kinundu. "Haya ndiyo tunakunywa?" Kisha taa ikaangukia kile cha buluu. Rubani akamsimamisha Panya, akabonyeza kitufe chekundu. Picha iliganda juu ya ubavu wa gari, kubwa kama mlango.

"Hilo nalo la nani?" mtu akauliza.

Mhandisi alimtazama Rubani.

"Ni la kwetu," alisema Rubani.

"Hatusikii huku nyuma! Sema kwa nguvu!"

Kwa hiyo ilimbidi alirudie, kwa sauti ya mtu anayenadi bidhaa. "Ni la kwetu! La nyumbani kwangu! Juzi nililiona nikasema ni kutu!"

Ukimya uliofuata ulikuwa na sauti ya maji ndani yake, kwa maana spika ya Panya ilikuwa bado inafanya kazi. Halafu nyuma ya watu pakawa na msukumano. Dobi alikuwa anapita, suti za wateja zikiwa mkononi mwake ndani ya nailoni, ameziinua juu zisiguswe. Hakuwa amekwenda nazo popote.

"Nilichimba mimi," alisema. "Mke wangu hakujua."

"Sikuuliza," alisema Rubani.

Watu wakaanza kufoka wote kwa pamoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa na suti ya mumewe katika zile alikuja akaichomoa kwenye mkono wa Dobi, akaondoka nayo. Mwingine akafuata. Dobi aliwashikilia hanga zao ili wapate kwa urahisi, kama alivyozoea dukani.

Kinyozi alikuja hadi mbele. Watu walimpisha, wengine wakijificha nyuma ya wenzao. Alisimama karibu kabisa na Dobi.

"Ngazi ulinishikia wewe," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nikakwambia ahsante."

"Ndiyo, mzee."

Kinyozi alitikisa kichwa, kama mtu aliyetaka tu kuhakikisha amekumbuka vizuri, akarudi kwake. Mama mkwe aliinuka kwenye kiti, akamfuata kwa nyuma bila kusema alikokuwa akienda. Jioni ile walimwona mbele ya saluni akisugua ukuta kwa brashi na sabuni, na waliokuwa wamevunja koki wakapita upande wa pili wa barabara.

Wageni waliridhika sana. Walimpa Mhandisi mikono yote miwili. Picha ya bomba la buluu, walisema, itawafaa kuonyesha watu Panya anaweza nini.

Idara ililikata bomba la nyumba ya Dobi na kumtoza faini. Yale maneno ya lori sasa yakawa kweli: lori la maji lilisimama mlangoni mchana kweupe, na majirani wakalitazama likishusha. Wateja wa nyumba za wageni walitafuta dobi mwingine. Rubani hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo, kuogesha na kufuta mapanya wapya waliokuja, na kuwakabidhi kwa mwenzake aliyekalia kile kiti. Jina la Rubani likaenda na kiti.

Kwa Mwalimu, Dobi na mkewe walichelewa kwenda. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme twende. Walipokwenda walimkuta uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya karai, shuka la mgonjwa likiwa limeloweshwa. Aliwaona langoni, hakuwakaribisha wala hakuwafukuza.

"Mwalimu, tumekuja kuomba radhi," Dobi alianza.

"Nina swali moja," Mwalimu alisema, na hakumwuliza Dobi. Alimtazama mwanamke. "Nimelala nalo, nimeamka nalo. Zile siku ndoo ilipokuwa ikija hapa, nami nashukuru vile, nawaombea. Jioni mkikaa kwenu, mlikuwa mnanicheka?"

"Hapana, Mwalimu! Wallahi hatukucheka."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mama hakujua. Na mimi..."

"Afadhali mngecheka," alisema Mwalimu. "Anayenicheka najua nimesimama wapi naye. Nyinyi mlikuwa mnapokea dua zangu mkilala usingizi."

Ndani, mgonjwa alikohoa, akatulia. Dobi alipiga hatua moja, mikono ameishikanisha mbele kama mwanafunzi.

"Mwalimu, naomba kitu kimoja. Haya mashuka ya dada, niruhusu niwe nayachukua mimi. Nitayafua, nitayapiga pasi, nitayaleta. Bila malipo, siku zote. Ndiyo kazi pekee ninayoijua."

"Nafua mwenyewe," alisema Mwalimu. "Maji ninayo sasa."

Akainuka, akafungua koki. Maji yalipiga karai kwa kishindo. Alisuuza shuka, akamwaga, akasuuza tena, bila haraka, nao wamesimama pale pale langoni hawajui kama wameagwa. Kisha akalitoa kwenye karai kulikamua. Lilikuwa zito, shuka la kitanda kikubwa, na mikono yake ilikuwa ya mtu aliyeshika chaki maisha yake yote. Alilizungusha mara moja, likamponyoka, ncha ikagusa udongo.

Dobi alinyoosha mikono.

"Wewe ngoja," Mwalimu alimwambia. Kisha, bila kuinua macho, akasogeza ncha ile nyingine upande wa mke wa Dobi. "Shika huku."

Mwanamke aliweka mkoba chini, akashika. Wakarudi nyuma kila mmoja kwake hadi shuka likanyooka kati yao. Akaanza kuzungusha, shuka likazunguka lote zima kama kamba, halikukamuka.

"Tunakwenda upande mmoja," alisema Mwalimu. "Geuza."

Mwanamke akageuza. Shuka lilikaza, likajinyonga katikati, na maji yakatoka mengi, yakamwagika juu ya viatu vyake. Hakuisogeza miguu. Aliendelea kukamua.